Maziwa Yaliyolala Kwenye Shaba

Binti wa kuhani ndiye aliyesugua vyombo vya shaba vya hekalu, vile vya kuogeshea miungu. Asubuhi ile, akiwa na ukwaju na majivu mkononi, aliinua birika kubwa akaona masalio ya maziwa yaliyoganda. Bati la ndani, linalozuia maziwa yasiguse shaba, lilikuwa limebanduka, na mahali pake pameota utando wa kijani, sumu ya shaba.

Akaliweka chini akakimbia. Maziwa yenyewe yalikuwa yameshapelekwa ukumbini.

Alimkuta baba yake amekwisha kuyamimina juu ya sanamu. Yalikuwa yakichuruzika kwenye jiwe na kuingia kwenye bakuli, huku waumini wamepanga foleni, wamekunja viganja ili wapate funda la baraka. Mbele yao alisimama mama mjamzito.

"Baba," alinong'ona, "haya yamelala kwenye birika bovu. Yatadhuru watu."

"Yakishamwogesha mungu si maziwa tena, mwanangu. Usinitie aibu."

Kuhani akainua kijiko. Binti akalipiga bakuli teke, maziwa yakatapakaa sakafuni mpaka miguuni mwa watu. Shangazi yake, aliyekuwa kwenye foleni, akaguna kwamba nuksi imeingia nyumbani.

Binti alingoja kukaripiwa. Baba yake hakumkaripia. Alikuwa ameegemea nguzo, jasho linamtoka, midomo imempauka.

"Baba, umekunywa?"

"Mimi ndiye ninayeanza kuyanywa, kabla ya wote," alijibu kwa shida, akashika tumbo.

Gari la hospitali lilipofika, kuhani hakumtambua tena binti yake.