Doa Jekundu kwenye Kioo cha Geji

Kifuniko cha birika kilikuwa kikicheza. Tiki, tiki, kikanyamaza, kisha tiki tena. Mama Mshale alifumbua macho gizani akajua kuwa mavyaa yake, mama wa mumewe, ameshaamka, kama alivyoamka kabla ya wote tangu aje kuwatembelea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mama huyu hakungoja kupewa. Jembe alilitafuta mwenyewe. Alifagia ua, akashona vifungo vya sare za wajukuu, akasugua masufuria mpaka mtu akajiona uso. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudi kwake.

Upande wa pili wa kitanda ulikuwa umeshapoa. Mumewe alikwenda mapema kuwasha boila la kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Boila lilikuwa la zamani, lina kiraka ubavuni, na leo alitaka kurekebisha vali yake ya usalama, ile inayotoa mvuke nje nguvu ikizidi.

Mama Mshale akajifunga kanga akaenda jikoni.

"Mbona umeamka, mwanangu? Nilitaka ulale kidogo."

"Mama, nitalalaje na mgeni ananipikia chai?"

"Kunywa. Kesho utajipikia mpaka uchoke." Mavyaa akamsogezea kikombe, kishikio kikimwelekea yeye ili asiungue. "Na vile vioo vyako viwili vya kazi nilikusafishia jana, kabla mume wako hajavichukua. Kimoja kilikuwa na rangi ya kucha. Nikasema, hawa wajukuu zangu hawa! Nikakisugua kwa mafuta ya taa mpaka kikatakata. Sikutaka uwagombeze, nikanyamaza."

Mama Mshale alishika kikombe lakini hakukisikia moto wake.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha geji, zile saa za duara zenye mshale zinazoonyesha nguvu ya mvuke au ya maji. Ndiyo maana wakamwita jina lile. Katika chumba cha pembeni alikuwa na mtambo wa kupimia: anapanga vyuma vizito vya duara juu ya mafuta, anavizungusha taratibu kwa kidole, na geji lazima iseme uzito uleule. Isiposema, anaufungua mgongo wake na kuurudisha mshale kwenye haki yake.

Geji mbili za boila lile zilifanana kama mapacha, lakini hazikuwa na kazi moja. Moja hukaa juu, kwenye boila lenyewe. Ya pili hukaa chini, kwenye chumba cha pampu, mwisho wa bomba refu linaloteremka likiwa limejaa maji. Maji yale yana uzito, nao huusukuma mshale zaidi ya mvuke wenyewe. Kwa hiyo hii ya chini Mama Mshale huurudisha mshale wake nyuma kwa makusudi, namba moja nzima, ili zote mbili ziseme neno moja. Zikiwa mezani huwezi kuzitofautisha, mishale yote imelala kwenye sifuri. Ndipo akaitia ya chini doa jekundu la rangi ya kucha, akamwambia mumewe, "Yenye alama ni ya chini."

Sasa doa halikuwapo. Na ikiwa ile ya chini imefungwa juu, itapunguza namba moja, na boila litakuwa na nguvu kuliko mshale unavyokiri.

Mume wangu asingekuta alama angeuliza, akajiambia. Angeuliza tu. Kisha akakumbuka kuwa ile nyingine, ya juu, ilikuwa na mkwaruzo wa zamani ukingoni. Mtu anayetafuta alama ataiona alama. Na vali leo itarekebishwa kwa kuitazama geji hiyohiyo.

"Chai ina kasoro?" mavyaa akauliza.

"Haina, mama. Nimekumbuka kitu kazini."

Alipiga simu. Ikalia chumbani, chini ya mto wa mumewe.

Akatoka mbio. Barabara ilikuwa bado ya kijivu, maduka yamefungwa, mtu mmoja akimwaga maji mbele ya mlango wake. Kila aliposikia kishindo, hata cha geti tu likifunguliwa, alitazama upande wa kiwanda. Akilini alimwona mumewe amesimama mbele ya boila, akiutazama mshale kwa imani, kwa sababu ni mke wake aliyeusahihisha.

Mlinzi wa kiwanda alimcheka. "Mama Mshale, leo mshale umetoka kwenye upinde? Haraka haraka..."

"Nifungulie, baba. Tafadhali."

Mlinzi alimtazama usoni, akaacha methali yake njiani na kufungua.

Mlango wa karibu ulikuwa wa chumba cha pampu. Aliingia akawasha taa. Geji ya juu ndiyo iliyokuwa pale ukutani, na mkwaruzo wake ukingoni. Mshale ulikuwa umeupita mstari mwekundu, umeupita mbali, ukitetemeka. Mstari, mwisho wa nguvu ya boila lile, ulikuwa kwenye nane. Mshale ulikaribia kumi. Alijaribu kuupunguza kichwani uzito wa maji ya bomba, huku akiomba hesabu imhurumie. Haikumhurumia. Boila lilikuwa limeshavuka.

Mwili wake wote ulitaka kurudi nje. Palikuwa na ngazi ya chuma ya kupanda kwenye boila, na palikuwa na mlango wazi wenye hewa baridi ya asubuhi. Akapanda ngazi.

Aliisikia kabla hajafika: pssss, vali ikitema. Mumewe alikuwa juu ya kiti kirefu, spana mkononi, jasho limemlowesha mgongo. Nyuma ya ukuta wanawake wanaopiga pasi mashuka walikuwa wakicheka kwa jambo fulani.

"Umekuja kukagua kazi yako?" mumewe akasema kwa sauti, kushinda mvuke. "Vali hii ina wasiwasi. Mshale haujafika hata nane, inatema. Nimeshaikaza mara moja, sasa naongeza kidogo."

"Usiikaze."

"Nini?"

Hakupaza sauti. Aliogopa kupaza sauti karibu na kile chuma. "Baba watoto, usiikaze. Ilegeze. Geji inadanganya. Vali ndiyo inayosema kweli."

Mumewe alimtazama, kisha akaitazama geji, kisha akamtazama tena. Hakuuliza mara ya pili. Akaigeuza spana, na vali ikanguruma mpaka chumba kikajaa weupe. Kwa mkono mwingine akafunga bomba la mafuta yanayowasha moto.

Mama Mshale akaenda kwa wale wa pasi. "Mama zangu, tokeni nje kidogo. Taratibu. Acheni mashuka."

"Mshale umemchoma nani leo?" mmoja alianza mzaha, lakini mwenzake akamshika mkono, wakatoka.

Walisimama wote uani. Mvuke ulipiga kelele juu ya paa, kisha ukapungua, kisha ukawa kama mtu anayepumua. Ndipo mumewe akaingia tena, naye akamfuata. Pembeni ya kile kiraka, mstari wa maji ya kutu ulikuwa ukishuka polepole, kama jasho kwenye shavu.

Mumewe akaiweka spana chini.

"Uliniambia yenye alama," mumewe akasema kwa sauti ndogo. "Niliiona alama."

"Najua uliiona."

Ndipo mumewe akainama, akavua viatu vyake, akavisogeza mbele ya miguu ya mkewe. Mama Mshale akatazama chini. Alikuwa amevaa ndala mbili zisizofanana, moja ya mtoto. Mlinzi naye alikuwa amekuja na kigoda na kikombe cha maji, akaviweka karibu naye. Mama Mshale akaketi, akayanywa maji yote.

Boila halikuwashwa tena siku ile. Waliporudi nyumbani walimkuta mavyaa ameketi kizingitini, mkoba umefungwa miguuni. Macho yalikuwa mekundu.

"Ni vile vioo," akasema. "Mtu haachi chai yake akakimbia na ndala ya mtoto. Mwanangu ni mzima?"

"Mzima, mama. Huyu hapa nyuma yangu."

Alimpapasa mwanawe mikono na uso, kama wanavyofanya kwa mtoto aliyeanguka. Kisha akauchukua mkoba. "Basi niende. Nilikuja kusaidia, nikakaribia kuwazika. Mikono hii imezeeka, haitulii. Nitakaa nayo kwangu."

Mama Mshale aliupokea ule mkoba. Angeweza kumwambia kuwa hofu yote ya siku ile ilitoka kwenye mikono ile. Lakini alikuwa amelifikiria jambo lile njia nzima ya kurudi.

"Ulifuta doa, mama. Mimi ndiye niliyetundika roho za watu kwenye doa la rangi ya kucha. Kuanzia kesho kila geji itakuwa na kibati chake, kimegongwa maandishi, kimefungwa kwa waya. Ukisugua mpaka usiku hakitoki."

"Unanifariji tu."

"Kidogo," akakiri, na mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Walimsindikiza wote wawili mpaka kituoni, mumewe akiwa na ndala na yeye akiburuta viatu vikubwa. Mavyaa alipata kiti cha dirishani. Alikaa akitazama mbele, mikono ameificha chini ya kanga, kama mtu aliyenyang'anywa kazi.

Mama Mshale akagonga kioo mpaka kikafunguliwa.

"Mama, uje tena. Uje kabla ya mvua. Vioo vyangu vitakuwa vimechafuka, na mimi sijui kuving'arisha kama wewe."