Magoti ya Dorkasi wa Mahongole

Asubuhi moja ya masika, vita ya Hitla ikielekea ukingoni, Dorkasi wa Mahongole alikuwa akigema pombe ya ulanzi kwenye mianzi yake, tarishi wa jumbe akachomoza, kofia nyekundu kichwani. Papo hapo magoti ya Dorkasi yakashuka, yakavuka uwanja, yakajificha ghalani. Ndiyo kawaida yao tangu mwaka jana, tarishi alipomchapa kwa kuchelewesha ulanzi wa jumbe.

Dorkasi akabaki ameketi matopeni. Tarishi, Filemoni jina lake, akamsalimu, "Kamwene, mama," akamimina ulanzi wote kwenye kibuyu chake, akaenda zake. Asiye na magoti halaumiwi kwa kutosimama.

Tatizo lilikuwa Yunisi, bintiye. Ulanzi ndio uliokuwa ukimlipia ada ya shule, na sasa yuko nyumbani anachambua maharage.

"Hivi we shoga," aliuliza jirani yake Telesia, "hayo magoti yanamkimbia mtu au kofia?"

Hilo Dorkasi hakuwahi kulifikiri. Akaanza kupima. Jogoo naye ana kilemba chekundu, na hajachapa mtu. Magoti yakachungulia mlangoni. Safari iliyofuata Filemoni alitundika kofia kwenye mwanzi ili anywe kwa nafasi, Dorkasi akaikagua palepale alipoketi. Ina jasho, ina chawa mmoja mzee, mkono haina. Goti la kushoto likarudi. Akampima na mwenye kofia: mfupi, anakohoa, na jina la jumbe likitajwa anashika tumbo. La kulia likarudi, limejaa pumba.

Siku ya Jumanne Dorkasi akasimama njiani, wima.

"Bwana tarishi, leo huchukui."

"Naona magoti yamerudi."

"Yamerudi."

"Hongera, mama. Ila sikuwa nachukua kwa sababu unaogopa. Nachukua kwa sababu jumbe kasema."

Nyuma yake walikuwapo vijana wawili wa jumbe, vichwa wazi, fimbo mkononi. Dorkasi akawapima nao, taratibu, bila kuruka kitu. Akaona hesabu yake ni sahihi: fimbo ni fimbo.

"Na kwa kuwa sasa unatembea," Filemoni akasema, "leo utaubeba mwenyewe mpaka kwa jumbe, Lyamkena."

Yunisi akamtwisha mama yake. Dorkasi akashika njia, hatua imara, shingo imenyooka, ulanzi wa jumbe kichwani. Woga hakuwa nao hata chembe.