Mstari wa Isale

Tegueni kitendawili hiki, wajukuu zangu. Ua wa majani umepindapinda katika uwanja tambarare, hauna jiwe wala mti wa kukwepa. Umepindia nini?

Kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Port Bell kilikuwa kimenyamaza, wenyewe Wahindi wamefukuzwa nchini. Jeshi likataka chini pawe maduka, juu vyumba vya familia za askari. Babu yenu Augustin akapewa uwanja: reli ya zamani aifanye njia, kando yake ua, nyuma nyasi za kuanikia nguo. Ardhi ilikuwa ngumu kwa mafuta ya mashine. Akapanda miche mitatu ya isale, ule mmea wa majani marefu, pale palipochimbika, mmoja huku, mwingine kule, akanituma mtaa wa Namuwongo nilete mingine.

Niliporudi na mzigo kichwani, nikakuta wanawake wa kwetu Kongo, waliokuja kutazama maduka, wanafanya ishara ya msalaba. Kwetu Butembo, isale zikipangwa mstari ni mpaka. Ikisimama moja peke yake, chini yake kazikwa mtu. Augustin alizaliwa Kampala, hayo hakuyajua.

Sajini Faustino, ambaye mkewe Alum alikuwa amekwisha kuhamia juu, naye aliwaona wale wanawake. Akamsogelea Augustin, akauliza taratibu kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Fundi, nani alikuonyesha mahali?"

Augustin akatabasamu, akidhani anasifiwa. Akajibu kwamba udongo wenyewe ulimwonyesha, ulikuwa laini.

 Nikaelewa kwamba ulilainika kwa kufukiwa watu usiku, na kwamba nikichelewa, mume wangu atapandishwa gari la askari.

Nikatua mzigo. "Afande, huyu mzee mvivu. Kaanza ua, kaacha mapengo kama mtoto anayeng'oka meno."

Nikapiga magoti, nikapanda kutoka mche hadi mche, nikichimba kwa kisu mpaka kucha zikatoka damu. Augustin akaanza kusema mstari haujanyooka. Nikamkanyaga mguu.

Faustino hakuondoka mpaka nilipoziba pengo la mwisho.

"Kumbe ni ua," akasema.

"Ni ua tu, Afande."

Akaenda zake. Nilipoinua macho, Alum alikuwa dirishani, pale aonapo uwanja wote usiku na mchana.

Kesho yake alishuka na ndoo kunisaidia kumwagilia.  Ile miche mitatu ya kwanza, ambayo hakuna aliyemwonyesha, aliimwagilia kabla ya yote.