Hoja ya Mbwa

Kikao kilianza na mavi ya farasi. Kila mwezi kilianza hivyo: mavi yaliyorundikana nyuma ya soko, nani ayazoe, mkulima gani auziwe. Baada ya hapo zikaja taa za gesi za Mtaa wa Kanisa, ambazo kila diwani alizitaka mbele ya mlango wake. Halafu joho jipya la Meya, liwe jekundu au liwe la rangi ya damu ya mzee, na wakabishana juu ya hilo mpaka moto wa ukumbini ukaanza kufifia. Mimi nilisimama mlangoni na kengele yangu, nikijifanya nawasikiliza. Nilichokuwa nikikisikiliza kilikuwa chini ya miguu yangu.

Chini ya ukumbi wa Baraza la Cragholme kuna ghala la makaa, na ndani ya ghala hilo nilikuwa nimemficha mbwa aliyemng'ata dada yangu.

Naitwa Jabez, mpiga mbiu wa mji. Wako wenye mali Cragholme, wako wenye viwanda vya sufu, lakini mwenye sauti ni mimi. Neno la Baraza haliwi sheria mpaka nisimame kwenye ngazi za msalaba wa soko, nipige kengele, nilitangaze siku ileile kabla jua halijazama. Lisipotangazwa, limekufa, mpaka kikao cha mwezi unaofuata. Wala hawawezi kumpa mtu mwingine kengele yangu bila kumwapisha kikaoni. Hivyo ndivyo hati ya mji inavyosema, na madiwani wetu huiogopa hati hiyo kuliko wanavyomwogopa Mungu.

Dada yangu Kezia aling'atwa siku ya soko. Alikuwa akipenya katikati ya kondoo na kapu lake la mayai, mbwa wa mchungaji mmoja akamrukia, akazamisha meno chini ya kiwiko. Mchungaji alimkana mbwa wake papo hapo, akaswaga kondoo wake, akatokomea. Mbwa mwenyewe aliitwa Moss. Nilimsikia mchungaji akimwita kabla hajamkana.

Watu wetu wanaamini jambo moja tangu zamani. Mbwa aking'ata mtu, auawe saa hiyohiyo, hata awe mzima kama mimi. Kwa sababu akija kupata kichaa baadaye, hata miaka ikipita, yule aliyeng'atwa atapata kichaa pamoja naye, siku moja naye. Kwa hiyo Kezia, damu ikimtiririka hadi kwenye vidole, hakuniomba kitambaa. Aliniambia, "Kaka, kamuue. Sasa hivi."

Nilimfunga yule mbwa kamba nikamkokota kwenda mferejini. Njiani nikakutana na Lumb, daktari wa farasi, ananuka bia na dawa ya kwato.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Kumzamisha. Amemng'ata Kezia."

"Basi unakwenda kumzamisha shahidi wako," akasema Lumb. "Akifa leo, hutajua kamwe kama alikuwa mgonjwa. Mfungie mahali, umlishe. Kama ana kichaa, atakufa mwenyewe katika wiki mbili hivi, nawe utajua. Akipita hapo bado mzima, dada yako alale usingizi."

"Na akikataa maji?"

"Maji, maji! Mji mzima mnaimba maji. Mbwa mwenye kichaa anakunywa maji kama mbwa mwingine yeyote. Anayeyaogopa ni binadamu."

Nikamfungia ghalani, ambako mwenye ufunguo ni mimi, nikarudi nyumbani nikamwambia Kezia amekwisha. Alinishika mkono akaulaza shavuni mwake. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda kumlisha mbwa niliogopa kufungua mlango, na kila nilipofunga niliogopa zaidi. Kama Lumb ni mlevi tu, na watu wetu ndio wanaosema kweli, basi nilikuwa nikimlisha mauti ya dada yangu kwa mkono wangu, tena kwa matumbo niliyonunua buchani kwa Diwani Sugden.

Lakini kulikuwa na jambo lililonitisha kuliko mbwa. Enos mfumaji aling'atwa mwaka juzi. Homa ilipompanda na koo likakataa kumeza, shemeji zake walimlaza kitandani, wakamfunika godoro la manyoya, wakalikalia mpaka akatulia. Walimkalia huku wakilia. Hakuna aliyeshtakiwa, mji ulisema ni huruma. Tangu Kezia ang'atwe, nilikuwa nikiwaona majirani wakimtazama koo kila anapoinua kikombe. Bi Hebden wa nyumba ya pili alikuja siku moja, akakaa, akasifia mkate wetu, kisha akauliza kama kitanda cha Kezia kina godoro moja au mawili.

"Hoja ya mwisho," akasema Meya Ormerod. "Mbwa."

Sugden akasimama, tumbo lake likaitangulia meza. "Mheshimiwa Meya, wote wanaorandaranda wauawe. Mji umejaa hofu. Wateja wangu hawaji."

"Wateja wako hawaji kwa sababu ya nyama yako," akasema Fothergill kutoka pembeni. Fothergill alikuwa mzee wa dhehebu la wale wasioapa na wasiovua kofia mbele ya yeyote, na kofia yake ilikuwa kichwani hata sasa. "Na mbwa wanaorandaranda wanafuata matumbo unayotupa mlangoni."

Wakacheka. Sugden akawa mwekundu. "Wewe, Fothergill, hata kunguni wa kitandani mwako ungemtafutia wakili!"

"Nyamazeni!" Meya akapiga meza kwa nyundo yake.

Chini ya sakafu, Moss akabweka.

Kicheko kilikatika. Meya alibaki ameinua nyundo.

"Nini kile?" akauliza Sugden.

"Panya, Mheshimiwa," nikasema.

"Panya gani anabweka?"

Polisi wa mji, Clegg, alininyang'anya ufunguo akateremka. Alirudi akimvuta Moss kwa kamba, huku mkono wa pili ameshika chuma cha kuchochea moto. Mbwa alikuwa mweusi kwa vumbi la makaa, mkia ameubana katikati ya miguu. Madiwani walipanda juu ya viti vyao. Wanaume wenye viwanda, wenye ndevu, mmoja ameshika joho la Meya mbele yake kama ngao.

"Huyu si yule aliyemng'ata dada yako?" akauliza Meya.

"Ndiye."

"Uliniambia mimi mwenyewe kwamba umemzamisha!"

"Nilidanganya. Lumb amesema akiishi, Kezia yuko salama. Zimebaki siku chache tu, Mheshimiwa. Nawaombeni siku hizo."

"Lumb!" Sugden akacheka akiwa juu ya kiti. "Yule anayezungumza na farasi, na farasi wanamwambia anywe tena? Mpeni mbwa maji. Tumalize."

Karani wa Baraza akamimina maji ya Meya kwenye bakuli, akalisukuma kwa ncha ya fimbo. Moss aliyatazama. Kulikuwa na mabuti pande zote, moshi wa tumbaku, chuma juu ya kichwa chake. Akageuza uso.

"Mmeona!" Sugden akapiga kelele. "Ameyakataa!"

"Anaogopa chuma!" nikasema. "Hata wewe, Bwana Sugden, ukishikiwa chuma kichwani hutakunywa bia."

"Natoa hoja," akasema Sugden, "kwamba Baraza hili linaona mbwa huyu ana kichaa."

Kuna aliyeiunga mkono. Sikuona nani.

Fothergill peke yake alikuwa chini, miguu sakafuni. "Mabwana, hili si jambo la kupigiwa kura. Toeni hoja kwamba jua kesho litoke magharibi, nanyi mtaipitisha, na kesho mtaamka gizani."

"Wanaokubali?" akasema Meya.

Nilisogea mpaka mezani kwake. Mpiga mbiu haruhusiwi kuvuka zulia lile, nami nililivuka. "Si mbwa mnayempigia kura. Mkisema ana kichaa, mmesema Kezia ana kichaa. Mnajua kilichompata Enos. Bwana Ormerod, unajua!"

Meya hakunitazama. Alikuwa akitazama bakuli. Ndipo nikafahamu kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu kama sote, na hofu yake ilikuwa na nyundo mkononi.

"Wanaokubali," akarudia.

Mikono ikainuka. Diwani mmoja alifumba macho alipoinua wake. Karani akaandika, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea habari za mavi: kwamba mbwa ana kichaa, kwamba auawe azimio likishatangazwa, kwamba mtu yeyote aliyeng'atwa naye awe chini ya uangalizi wa majirani zake.

Uangalizi wa majirani zake. Nikaona godoro.

Moss alirudishwa ghalani asubiri mbiu yangu. Kwa kuwa ghala ni kazi yangu, na kwa kuwa mambo ya Baraza hufuata desturi hata watu wakiwa wazimu, Clegg alifunga mlango na kunirudishia ufunguo.

Nikaenda sokoni. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabomba ya moshi ya viwanda, jekundu, bila joto. Nilipanda ngazi za msalaba nikapiga kengele, watu wakaja kama wanavyokuja siku zote, wenye viazi, wenye watoto, wasio na kazi. Nikatangaza mavi. Nikatangaza taa. Nikatangaza joho, na mtu akauliza kama chini ya joho Meya atavaa suruali, wakacheka.

Kezia alikuwa katikati yao na kapu lake. Alinitabasamia. Kando yake alisimama Bi Hebden, amemshika mkono ule uliofungwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayepima unga.

Nilifungua kinywa. Maneno ya mwisho nilikuwa nayo yote, yamepangika, nayahisi mdomoni. Dirisha la ukumbi likafunguka.

"Jabez!" akaita Meya. "Bado moja!"

"Sauti imenikauka, Mheshimiwa."

"Nini?"

"Nimesema imenikauka!" Nilinguruma hivyo hata njiwa wakaruka kutoka juu ya paa, na watu wakacheka tena, wakidhani ni utani wangu. Nikaiweka kengele ya mji kwenye ngazi. Nikashuka, nikamtoa dada yangu mkononi mwa Bi Hebden, nikatembea. Sikukimbia. Ukikimbia Cragholme, kila mtu anakimbia nyuma yako.

Kwenye uchochoro wa nyuma ya ukumbi nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga kofi ambalo bado nalihisi.

"Yu hai? Umemwacha hai, siku zote hizi, nami nimelala nikijua amekufa?"

"Lumb anasema—"

"Lumb hajang'atwa!" Akanionyesha mkono wake wenye kitambaa. "Kesho akipata kichaa, nami napata. Umenifunga naye. Fungua huo mlango, nipe jiwe, nitamuua mwenyewe."

Nikafungua mlango wa nje wa ghala. Moss alitoka kwenye mwanga akipepesa macho, akaketi. Kezia alikuwa ameokota jiwe la barabarani, zito, kwa mkono wake mzima. Alisimama juu yake. Sikumzuia. Namna gani ningemzuia? Mkono uliong'atwa haukuwa wangu.

Kutoka mtaani tukasikia watu wakianza kusemezana. Madiwani walikuwa wameshuka ngazi. Jua likizama azimio lingekufa kisheria, lakini madiwani wana midomo. Sauti ya Sugden ilipanda juu ya nyingine. Kisha, karibu zaidi, sauti laini ya Bi Hebden.

"Kezia! Kezia, mwanangu, uko wapi? Njoo kwangu unywe chai."

Jiwe lilibaki juu. Kezia hakugeuka.

"Nikimuua huyu," akasema polepole, "atanialika chai mpaka lini?"

Nikatazama upande sauti ilikotoka.

"Kaka. Mpaka lini?"

"Maisha yako yote."

"Kezia, mpenzi! Chai inapoa!"

Dada yangu aliteremsha jiwe bila kulitupa. Alichukua kamba ya mbwa kutoka mkononi mwangu, akaizungusha kwenye kiganja chake, na tukaifuata njia ya nyuma, kando ya mfereji, tukavuka daraja mpaka kwenye barabara inayopanda nyikani kwa wachungaji. Huko Lumb ana dada yake mwenye zizi la mawe, lenye mlango imara. Upepo ulikuwa ukituvumia usoni. Nyuma yetu moshi wa viwanda uliufunika mji, na sikujua kama walikuwa wakitufuata ndani yake.

Kezia alitangulia, kamba mkononi, jiwe katika mkono wa pili.

"Mimi sitamtazama," akasema. "Siwezi. Wewe kaa nyuma, uniambie kila anachofanya. Kila kitu. Usinidanganye tena."

"Sawa."

Tukapanda. Nimewatangazia watu vifo vya wafalme na bei ya mkate, wala ulimi wangu haujawahi kuliogopa neno linalofuata kama jioni ile.

"Anafanya nini?"

"Anatembea."

Hatua kadhaa.

"Sasa?"

"Anatembea. Ananusa majani."

"Anayala?"

"Hapana. Ananusa tu."

Kamba ikakazika. Kezia akasimama palepale, mgongo wake umenielekea, mabega yamepanda hadi masikioni, ameinua jiwe kifuani. Hakugeuka.

"Jabez. Mbona amesimama?"

Niliinama nimtazame Moss usoni, kwa karibu, mpaka nikahisi pumzi yake.

"Ana mwiba," nikasema. "Anaulamba mguu. Ngoja."

Aliulamba. Tukangoja.

"Sasa?"

"Anatembea."