Maiti Aliyejikuna

Katekista wa kijiji cha Mella, mpakani na Kenya, alikuwa amemwomba Elinah aandike ushuhuda wa baba yake kuhusu vita vya mwaka wa sabini na tisa, usomwe kanisani siku ya kuwakumbuka askari wa zamani. Elinah, mwalimu wa shule ya msingi, alidhani ni kazi ya nusu saa. Sasa yuko ukurasa wa sita, na baba yake, mzee Okia, bado hajatoka mtoni.

"Andika," alisema Okia. "Jeshi letu limesambaratika, kila mtu anatafuta pa kukimbilia. Mimi naingia mto Malaba, bunduki kichwani, naogelea kuelekea Kenya..."

"Unaogelea wapi wewe?"

Aliyeuliza ni Hajji Swabur, dereva wa zamani wa lori la jeshi, aliyekuja kutoka Busia kumsalimu mwenzake. Muda wote alikuwa akishughulika na paja la kuku.

"Hajji, kula."

"Nakula. Lakini huyu mtoto anaandika kwa wino."

Elinah akaweka kalamu chini. Mto ule aliusikia tangu akinyonya. "Kwani mlivukaje, Baba Swabur?"

"Mimi nilivuka kwa miguu. Baba yako alivuka akiwa amekufa."

Polisi wa Kenya, akaeleza, walikuwa wakimrudisha kila kijana aliyefanana na askari. Swabur na wenzake wawili wakafukia magwanda yao kwenye shamba la mihogo, wakaazima mkeka, na kwa kuwa Okia ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, wakamfunga humo na kumbeba kama marehemu anayerudishwa kwao.

"Polisi tuliyemkuta mpakani alikuwa na heshima zake. Akatwambia tumtue marehemu, akauliza jina lake. Mimi nikasema Yusufu. Mwenzangu akasema Petero. Wa tatu, uoga umemshika, akasema Mama Rosa."

Elinah alijaribu kujizuia, lakini karatasi zilimponyoka kwa kicheko.

"Polisi akauliza, kwani humo ndani mmefunga wangapi?"

Okia alikuwa amegeukia ukuta.

"Hapo ndipo nilipopita mimi," ilisema sauti kutoka jikoni. Mama yake Elinah, Asekenye, alitoka akijifuta mikono kwenye leso. "Natoka kwa shangazi na kapu la wimbi. Nikaona nyayo mbili zimechomoza mkekani, moja inaikuna nyingine."

"Siafu," Okia aliuambia ukuta. "Walinitua juu ya siafu."

"Majina yao yote nilikuwa nimeyasikia, nikajua hawa wamekwisha. Nikatupa kapu, nikajimwaga juu ya mkeka nikilia: Mama Rosa, shangazi yangu, umeniachia nani! Nikailalia ile miguu isijikune tena. Polisi akaona haya. Mkeka akaushika yeye mwenyewe upande mmoja, akatuvusha."

"Shemeji alilia," alisema Swabur, "mpaka na mimi nikamkumbuka marehemu."

Walipopita boma la kwanza, yule shangazi wa uongo aliruka kutoka mkekani, siafu wakimuuma, akatupa kila alichovaa, akaingia kwenye mahindi mbio. Hivyo ndivyo Asekenye alivyomwona mumewe mara ya kwanza.

"Mlituambia mlikutana kwaya," alisema Elinah.

"Kwaya ilikuja baadaye."

Elinah alianza kumwonea baba yake huruma. Zaidi ya miaka arobaini alikuwa shujaa wa mto ule. Akaokota karatasi. "Baba, niache tu ilivyokuwa mwanzo?"

Okia alifikiri, akamtazama Swabur anayefyonza mfupa.

"Futa mto," alisema. "Lakini siafu waandike vizuri. Hajji anasimulia kama vile walikuwa watatu."

Jumapili kanisani, Elinah alikuwa akisoma, ndiyo kwanza amefika kwa yule polisi, Okia aliponyanyuka, akaja mbele na kujilaza kwenye benchi ili watu waone alivyolala. Katekista alimwomba mara mbili aamke, ibada iendelee. Wimbo uliofuata haukuimbika kwa vicheko.

Baada ya ibada, wanawake walimzunguka Asekenye, wakitaka kusikia kile kilio. Aliona aibu kidogo, kisha akampa Elinah kitambaa chake cha kichwa amshikie, akakiachia kilio chote. Kilikuwa cha kweli kabisa. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita barabarani alizima pikipiki, akaja taratibu kwa uso wa majonzi na kuuliza mazishi ni lini.

Okia mwenyewe ndiye aliyemjibu kwamba marehemu anaendelea vizuri.