Nafasi ya Réjean

Katika Anse-du-Moulin, kijiji cha Kanada ambako watu husema Kifaransa, mtu aliyeletewa neno la Kiingereza alilipeleka kwa Zoël Chiasson ili ampe la Kifaransa. Zoël alikuwa mpasua mbao kiwandani. Miaka yote ya ujana wake, akitoka kazini alikwenda shule ya jioni, vumbi la mbao likiwa bado masikioni. Alphée, jirani yake, alimwita Profesa, na utani huo ulikuwa na heshima ndani yake.

Neno lililompa kazi kuliko yote lilikuwa dogo tu: home. Benki walipolitumia, Zoël alisema ni nyumba. Bibi Léonie alipopelekwa wanakotunzwa wazee, neno likawa makao, na bibi akalia. Katika mpira wa magongo wa barafuni likawa uwanja wetu.

"Hawa Waingereza wana chungu kimoja," Alphée alisema. "Supu humo, chai humo, soksi za kufua humo humo."

Zoël alicheka, lakini moyoni alijivunia kwamba hajawahi kumpa mtu maana isiyo ya neno lenyewe.

Mwezi wa tatu simu ililia kutoka Alberta, mbali magharibi mwa nchi. Alikuwa Sherry, mke wa mwanawe Réjean. Réjean alikwenda huko kwenye kazi za mafuta akiwa kijana, akaoa, akazaa watoto ambao Kifaransa chao kiliishia kwenye kumsalimu bibi yao. Tangu majani yaanze kupukutika alikuwa mgonjwa. Sasa amefariki.

Exilda, mke wa Zoël, alisimama karibu yake, mikono imejaa unga. Kiingereza hakukijua. Alipokwisha kulia kile kilio cha kwanza, alikuwa na swali moja tu: analetwa lini?

Zoël akauliza. Sherry akajibu kwamba Réjean mwenyewe alisema anataka kubaki home. Zoël akauliza ni ipi, ingawa sauti ya Sherry ilikwisha kumwambia. Sherry hakumficha. Ni hapa, alisema, karibu na watoto, kwenye makaburi yaliyo mtaani kwetu. Njooni tumzike pamoja.

"Anasemaje?" Exilda aliuliza.

Zoël alilijua neno la haki. Lilikuwa "kwake", na lilikuwa tayari ulimini. Akautazama uso wa mkewe, likatoka jingine.

"Anasema Réjean alitaka kuletwa kwetu."

Kisha akamwambia Sherry, kwa Kiingereza chake safi, kwamba mama hana nguvu za kusafiri.

Exilda alinawa, akavaa koti, akaenda kwa Padri Livain. Kijijini humo kaburi halichimbwi majira ya baridi, kwa kuwa ardhi huwa kama chuma. Wafu wa msimu huhifadhiwa katika kijumba cha mawe nyuma ya kanisa, na ardhi ikilainika mwezi wa tano, huzikwa wote siku moja. Exilda aliomba nafasi humo. Akaifuta rafu kwa mikono yake, akatandika blanketi alilolifuma mwenyewe. Baada ya hapo, kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimpeleka dirishani. Majirani walileta pai za nyama wakauliza mwili unafika lini, naye akawajibu kwamba makaratasi bado, maana ndivyo Zoël alivyomwambia. Usiku Zoël aliapa kusema asubuhi. Asubuhi alimkuta mkewe dirishani, akanyamaza.

Simu ikalia tena. Sherry alitaka wajue kwamba mazishi yalikwenda vizuri, na kwamba binti mdogo aliimba.

Zoël aliweka simu chini, akamketisha mkewe, akamwambia yote. Hakujitetea.

Birika lilichemka hadi likakauka, Exilda asiliondoe motoni.

"Wamemzika," alisema mwishowe, "na mimi napangusa rafu."

"Sikuweza kukwambia, Exilda."

"Kijiji kizima umekipa ukweli wa kila neno, mzee wangu. Mimi nikapewa utamu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. Aliomba jambo moja tu, kwamba Zoël apige simu aulize mwanawe ameitwaje kaburini. Kijijini kwao mtu haitwi kwa jina lake peke yake. Hutajwa na baba yake na babu yake. Sherry alisema jiwe limeandikwa Ray, kama rafiki zake walivyomwita. Zoël akalitafsiri hilo vile vile, bila kuongeza sukari.

Mwezi wa tano ardhi ililainika, majeneza yakatolewa nje kwenye jua. Padri Livain alisoma majina, na kila jina liliposomwa, ndugu walisogeza jeneza lao. Exilda alisimama mbele, blanketi limekunjwa mikononi. Zoël alikuwa nyuma yake. Tangu siku aliyomwambia ukweli hakutembea tena ubavuni pake.

Padri akasoma la mwisho, kama Exilda alivyomwomba.

"Réjean wa Zoël wa Dosithé."

Hakuna jeneza lililosogea. Watu, ambao hawakuwa wameambiwa lolote, waligeuka huku na huku, na Alphée, mwenye kamba za kushushia mkononi, akamnong'oneza Zoël, "Profesa, yuko wapi?"

Exilda ndiye aliyejibu, bila kugeuka.

"Yuko kwake."