Mguu Uliozikwa na Buti

Kila magharibi, kabla ya kutawadha, Nasrine alikusanya mikasi yote ya mumewe akaifukia ndani ya ndoo ya mchele. Mudathiru alikuwa askari zamani, sasa ni fundi cherehani hapa Gisenyi, na mguu wake wa kushoto uliishia gotini. Mchana alishona kwa ule mguu mmoja uliobaki huku akitaniana na wateja. Jua likizama, vidole asivyokuwa navyo vilianza kuwaka moto, na mtu yule mpole akawa hashikiki. Juzi mkasi aliourusha ulipita karibu na sikio la Nasrine. Nasrine akafunga begi, akaliweka mlangoni.

"Ukirudia, mi naenda kwa mama, Rugerero."

Kesho yake mguu ukaja. Ulivuka mpaka pamoja na akina mama waliotoka kuuza nyanya Goma, ukagonga mlango kwa kisigino. Ulikuwa na buti, kamba zimekazwa kama siku askari wenzake walipouzika kule vitani, mbio mbio, bila kuuvua kiatu wala kuuvisha sanda.

Nasrine akautandikia mkeka. Jirani Verediane akachungulia, akauliza kama mgeni anakula.

"Kumbe ni buti ndiyo inanibana," Mudathiru akamwambia mkewe, jasho likimtoka. "Fungula, mama Bushira. Pole pole."

Buti lilikataa kuvulika, ila kamba zililegea, na Mudathiru akalala kama mtoto. Kulipokucha zilikuwa zimejikaza tena. Nasrine akazikata. Kabla ya adhuhuri zikaota nyingine.

Basi wakaufunga mguu kwenye kitenge, wakapanda moto mbili, pikipiki za abiria, kwenda kwa daktari, yule aliyewaambia kwamba mguu usiokuwepo hauwezi kuuma.

"Docteur, iko huyu," Nasrine akasema, akikifungua kitenge.

Daktari akaubonyeza. Mudathiru, aliyekaa kule kwenye benchi, akauma mkono wa shati.

"Bon. Mguu iko," daktari akasema, akinawa mikono. "Donc, basi huyu hajakatwa. Dawa ya mishipa ni ya wenye walikatwa."

"Na maumivu?"

"Mutafute buti kubwa."

Magharibi ile Nasrine alifukia mikasi, akauegemeza mguu juu ya begi lake la kwenda Rugerero, akalegeza kamba. Kisha akakaa kitako, vidole vyake vikiwa katikati ya kamba ili zisijikaze. Mudathiru alikuwa amelala. Kila Nasrine aliposinzia, kamba zilimbana vidole, na kule kitandani mkono wa mumewe ulianza kupapasa, ukitafuta mikasi.